Meli Ile ya Kwenye Filamu Ni Ipi Hasa?

Kila baada ya miezi michache kipande kilekile cha video hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Meli kubwa ya abiria inafuka moshi, maji yanaingia vyumbani, kisha dohani yake ya mbele, yaani lile bomba kubwa la kutolea moshi, inang'oka na kuangukia vyumba vya juu ya sitaha. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba hiyo ni Titanic halisi, imepigwa picha siku ile ilipozama. Kilipofika kwenye kundi la ukoo wetu, mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini Kilindini hadi akastaafu, alijibu kwa sentensi moja: "Titanic ilikuwa na dohani nne, hii ina mbili." Binamu mmoja akamjibu kwamba bila shaka mbili zilikuwa zimeshaanguka, na usiku huo hakuna aliyelala mapema.

Mjomba alikuwa sahihi. Titanic ilizama usiku wa manane, Aprili 1912, katikati ya bahari yenye giza, na hapakuwapo kamera yoyote ya sinema iliyonasa tukio hilo. Tena kipande kinachozungushwa ni cha rangi. Hata hivyo, kusema kwamba meli ile siyo Titanic ni nusu ya jibu tu, kwa sababu meli inayoonekana pale ni ya chuma kweli, na dohani ile iliangushwa kweli. Ilikuwa meli yenye jina lililofahamika pande zote mbili za Atlantiki, na kampuni iliyoimiliki zamani ilikwenda mahakamani ili jina hilo lisitumike kwenye filamu. Tutaifikia. Kwanza yapo mambo machache ya kuwekwa sawa, maana mabishano mengi ya namna hii huchanganya vitu vitatu vinavyopaswa kutenganishwa.

Meli za filamu za zamani za Hollywood, hasa zile za kuanzia miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyingi ni meli za ratiba. Meli ya ratiba ni meli ya abiria inayokwenda na kurudi katika njia maalumu kwa tarehe zilizotangazwa, mfano wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya ambalo huondoka alfajiri hata kama viti vya nyuma havijajaa. Meli za matembezi tunazoziona siku hizi zikitia nanga Zanzibar na Mombasa ni kitu kingine: hizo ni kama basi lililokodiwa kupeleka watu harusini, ambapo safari yenyewe ndiyo starehe. Kabla ya ndege za jeti kuanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, aliyetaka kutoka New York kwenda Ulaya kwa kawaida alipanda meli ya ratiba, awe tajiri au mhamiaji maskini. Wazee wa pwani yetu nao walizijua za upande huu: meli za Union-Castle zenye ubavu wa rangi ya zambarau iliyopauka na dohani nyekundu yenye ncha nyeusi, na zile za British India, meli zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizotoka London kuja Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam.

Sasa, mtu anapouliza "hii ni meli gani?" akiangalia filamu, huenda anauliza maswali matatu kwa mpigo. Katika kila filamu kuna mhusika, kuna mwigizaji, na pengine kuna mtu halisi ambaye maisha yake ndiyo yaliyomfanya mwandishi akashika kalamu. Meli nazo ziko hivyo. Kuna meli ya hadithi, ambayo jina lake hutajwa na wahusika na kuandikwa kwenye maboya ya kuokolea. Kuna meli iliyosimama mbele ya kamera. Na mara nyingine kuna meli ya tatu, iliyotoa wazo. Zote tatu zinaweza kuwa meli moja, na zinaweza kuwa meli tatu zisizowahi kukutana. Ukilishika hilo, nusu ya ugomvi umekwisha, kwa kuwa watu wawili wanaobishana mara nyingi wote wana haki, ila kila mmoja anazungumzia meli yake.

Kwa nini meli halisi zilionekana kwa uchache

Wengi hudhani kwamba kampuni kubwa ya filamu, yenye fedha zote zile, ingekodi tu meli na kupakia waigizaji. Tuangalie hesabu yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Queen Mary na Queen Elizabeth za kampuni ya Cunard zilipishana baharini kila wiki, moja ikitoka Southampton na nyingine ikitoka New York, kila safari ikichukua takriban siku tano. Meli ilipofika bandarini ilishusha watu, ikapakia mafuta, chakula na shuka safi, ikaondoka. Kuisimamisha kwa wiki tatu ili mwongozaji arudie tukio la busu mpaka aridhike kungeharibu ratiba nzima pamoja na nauli za maelfu ya abiria. Meli iliyo kazini haina nafasi ya kuigiza.

Kwa hiyo Hollywood ilijenga mbadala. Mbadala wa kwanza ulikuwa seti, yaani kipande cha sitaha, ngazi au ukumbi wa chakula kilichojengwa kwa mbao ndani ya studio, huku bahari ikionyeshwa kwenye pazia lililo nyuma ya waigizaji. Seti ina dalili zake. Mstari wa upeo wa bahari unapanda na kushuka lakini kinywaji ndani ya gilasi kimetulia kama kilicho mezani nyumbani. Moshi wa dohani kwenye picha ya mbali unaelekea nyuma kwa kasi, kisha tunaletwa karibu na mwanamke aliyesimama kwenye ukingo wa sitaha hiyohiyo, na nywele zake hazitikisiki hata unywele mmoja. Seti pia zilikuwa mali ya kutunzwa. Kampuni ya 20th Century Fox ilipotengeneza filamu ya Titanic mwaka 1953, na mwaka huohuo ikatengeneza Gentlemen Prefer Blondes ya Marilyn Monroe na Jane Russell, sehemu za seti za filamu hizo mbili zilitumiwa tena katika filamu ya tatu ya mwaka uleule, Dangerous Crossing. Mtazamaji mwenye jicho kali anayeapa kwamba ameiona sitaha ile mahali pengine hakosei. Anakosea anaposema kwamba basi ni meli moja. Ni mbao zilezile.

Mbadala wa pili ulikuwa modeli, meli ndogo iliyoundwa kwa kufuata vipimo vya kubwa. Hapa tukae kidogo, kwa sababu modeli ndiyo inayowachanganya watu kuliko vyote, na njia ya kuitambua ni nzuri kuijua. Chukua beseni la maji na mashua ya mtoto ya kuchezea, weka simu yako chini kabisa usawa wa maji, kisha piga picha. Mashua inaweza kukudanganya. Ikiwa imechongwa vizuri, hutajua ukubwa wake. Maji yatakwambia ukweli. Tone la maji lina ukubwa wake wa asili, na halipungui kwa sababu meli imepunguzwa, kwa hiyo mawimbi yakigonga ubavu wa modeli matone yanayoruka huonekana makubwa kama matikiti maji mbele ya madirisha ya vyumba. Tatizo la pili ni kasi. Kitu kinachoanguka kutoka mahali pafupi hufika chini upesi, ndiyo maana wimbi la beseni linakwenda harakaharaka ilhali wimbi la bahari kuu linajikokota. Mafundi walilipunguza tatizo hilo kwa kuendesha kamera mbio na kuonyesha picha polepole, na kanuni yao ilikuwa kipeuo cha pili: modeli iliyopunguzwa mara 49 hupigwa picha kwa kasi ya mara 7. Hesabu hiyo hurekebisha mwendo. Tone la maji linabaki na ukubwa wake, na ndiyo sababu studio zilizokuwa na fedha zilipenda modeli ndefu kama basi dogo, wala hazikutaka za kubebeka mkononi.

Mbadala wa tatu ni vipande vya akiba, yaani picha za meli halisi zilizopigwa zamani kwa ajili ya habari au filamu nyingine, zikahifadhiwa, zikachomekwa popote panapohitajika meli inayoondoka bandarini. Hiki ndicho chanzo cha vituko vingi. Kwa kuwa kipande kimoja kilichomekwa hapa na kingine pale, meli ya hadithi inaweza kuondoka gatini ikiwa na dohani tatu na kuwasili ng'ambo ikiwa na mbili, na mhariri aliamini kwamba watazamaji wa jumba la sinema, ambao hawakuwa na kitufe cha kurudisha nyuma, hawatahesabu.

Dohani, madirisha na rangi

Ukiwa na hakika kwamba unachokiona ni meli halisi, unaitambuaje? Watu huanza na jina, na jina ndilo dalili dhaifu kuliko zote. Jina kwenye boya la kuokolea huandikwa kwa brashi na rangi ya kopo, kama lile la daladala linalobadilika kila gari linapopata tajiri mpya. Anayeyajua magari haangalii maandishi ya ubavuni, anaangalia umbo la bodi, mpangilio wa madirisha na namna taa zilivyokaa. Kwa meli, fanya vivyo hivyo.

Idadi ya dohani husaidia, mradi usiifanye msahafu. Titanic ilikuwa nazo nne, lakini ya nne haikuunganishwa na matanuri ya injini. Ilitumika zaidi kupitisha hewa, na ilipendezesha umbo. Normandie ya Ufaransa ilikuwa nazo tatu, na ya tatu ilikuwa ya urembo, ndani yake mkiwa na banda la mbwa wa abiria. Zaidi ya hayo, meli hufanyiwa matengenezo makubwa na kutoka kiwandani ikiwa na sura nyingine, jambo ambalo litatuhusu sana muda si mrefu.

Rangi nayo ina mtego. Dohani za Cunard zilikuwa nyekundu ya kukaribia rangi ya chungwa, zenye ncha nyeusi. Za White Star, wamiliki wa Titanic, zilikuwa za manjano iliyofifia, nazo zikiwa na ncha nyeusi. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe zote mbili zinakuwa za kijivu. Mbaya zaidi, ukanda wa filamu uliotumika kwa kawaida kabla ya katikati ya miaka ya 1920 haukuiona rangi nyekundu, hivyo dohani nyekundu hutokea karibu nyeusi tititi, na mtu akihukumu kwa rangi atataja kampuni isiyohusika kabisa.

Dalili ninazoziamini mimi ni madirisha na mstari wa sitaha, kwa sababu hayo hayabadilishwi kwa brashi. Mfano mzuri ni Titanic na dada yake Olympic, zilizofanana kama mapacha. Kwenye Olympic, sitaha ya juu ya matembezi ilikuwa wazi kutoka mwanzo hadi mwisho; kwenye Titanic, nusu ya mbele ya sitaha hiyo ilizibwa kwa madirisha. Basi tazama zile habari za sinema za mwaka 1912 zinazodai kumwonyesha Kapteni Smith, nahodha wa Titanic, akitembea juu ya meli hiyo. Yule ni yeye kweli, lakini amesimama juu ya Olympic, na picha zilipigwa kabla ya safari ya Titanic. Waliozitoa walijua wanachokifanya: ukisimamisha picha utaona majina ya matagi yanayoisukuma meli yamekwaruzwa kwenye ukanda wenyewe, yakacheza-cheza kama vijinyoya vyeupe, ili mtazamaji asisome kwamba yale ni matagi ya New York, mji ambao Titanic haikuufikia. Upotoshaji wa picha hauna umri mdogo kama wengi wanavyodhani.

Jambo moja la pembeni: wakati mwingine picha yenyewe imegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Vishikizo vya makoti ya mabaharia vitakufichulia: vitakuwa upande usio wao.

Meli zilizoonekana zikiwa kazini

Zipo filamu ambazo meli ya hadithi na meli ya kwenye picha ni moja, na hizi ndizo rahisi. Katika An Affair to Remember ya mwaka 1957, Cary Grant na Deborah Kerr wanakutana ndani ya Constitution, na Constitution ilikuwa meli halisi ya kampuni ya American Export Lines, iliyoanza safari mwaka 1951. Mwaka mmoja kabla ya filamu, Aprili 1956, meli hiyo ndiyo iliyomchukua Grace Kelly kutoka New York kwenda kuolewa Monaco, kwa hiyo watazamaji wa wakati ule walipolisikia jina walijua wanapelekwa wapi kimawazo. Hata hivyo, mazungumzo mengi ya wapendanao wale yalipigwa picha studioni. Tunachokiona cha meli yenyewe ni cha nje, na ni cha muda mfupi.

Sabrina ya mwaka 1954 inamalizikia ndani ya Liberté. Humphrey Bogart, tajiri aliyechelewa kujua moyo wake unataka nini, anaifuata meli ikiwa imeshang'oa nanga, anapanda, na kumkuta Audrey Hepburn sitahani. Wafaransa waliiendesha Liberté kwa fahari kubwa katika miaka ya 1950, lakini haikuzaliwa Ufaransa. Ilikuwa meli ya Ujerumani, Europa, iliyoanza safari mwaka 1930 na kushinda rekodi ya kuvuka Atlantiki kwa kasi. Wamarekani waliikamata mwaka 1945, na mwaka 1946 ikakabidhiwa Ufaransa kama fidia ya vita. Desemba mwaka huohuo dhoruba iliikata kamba bandarini Le Havre, ikaligonga gofu la meli nyingine iliyokuwa imezama pale, nayo ikazama. Iliibuliwa na kukarabatiwa mpaka ikarudi baharini mwaka 1950. Kwa hiyo anayesema "ile ni Europa" na anayesema "ile ni Liberté" wanataja chuma kilekile, ila kwa pasipoti mbili.

Zipo pia filamu ambazo hakuna haja ya kutafuta meli yoyote, kwa kuwa jina na chombo vyote ni vya kubuni. Southern Queen katika The Lady Eve ya mwaka 1941 ni mojawapo. Katika The Big Broadcast of 1938 zinashindana meli mbili, Gigantic na Colossal, na majina hayo yangemtosha mtu kuelewa kwamba anataniwa.

Meli zilizoigiza zikifa

Nimesema kwamba meli iliyo kazini haina nafasi. Kinyume chake ndicho kinachoeleza filamu zilizobaki: meli halisi ilijitoa mzima mbele ya kamera pale ilipokuwa haina safari nyingine.

Normandie, ile ya dohani tatu na banda la mbwa, ilikuwa bandarini New York ikigeuzwa kuwa meli ya kubeba askari wa Marekani, moto ulipozuka tarehe 9 Februari 1942. Cheche za mashine ya kukatia chuma ziliangukia lundo la majaketi ya kuokolea. Vikosi vya zimamoto viliijaza maji mengi mno upande mmoja, na usiku huo ikalala ubavu pale pale gatini. Alfred Hitchcock alikuwa akitengeneza Saboteur, filamu ya majasusi waharibifu, na akaliingiza tukio hilo: mhalifu wake amekaa ndani ya teksi, anageuza uso dirishani, tunaonyeshwa meli kubwa iliyolala ubavu, kisha tunarudi kwenye uso wake na kumkuta ana tabasamu dogo la kuridhika. Hakuna anayetaja jina la meli. Jeshi la Wanamaji la Marekani halikupendezwa, kwa kuwa tabasamu lile lilidokeza kwamba meli ilichomwa na maadui huku wanajeshi wamelala. Uchunguzi ulisema ni ajali. Lakini wapo hadi leo wanaoamini kwamba Normandie ilichomwa na majasusi, na tabasamu la sekunde chache limesaidia kulieneza wazo hilo kuliko hoja yoyote.

Sasa turudi kwenye video ya kundi la ukoo. Filamu inaitwa The Last Voyage, imetoka mwaka 1960, mwongozaji ni Andrew L. Stone, na meli ya hadithi inaitwa Claridon. Meli iliyo mbele ya kamera ni Île de France, iliyoanza safari mwaka 1927 na kusifiwa kwa mapambo ya ndani yaliyoanzisha mtindo mpya katika meli za abiria. Watu wanaoifahamu kwa picha za miaka ya 1930 hukataa kwamba ni yenyewe, kwa sababu katika picha hizo ina dohani tatu. Ilikuwa nazo tatu kweli. Matengenezo ya baada ya vita, yaliyokamilika mwaka 1949, yaliziondoa na kuweka mbili. Hapo ndipo kanuni ya mjomba ya kuhesabu dohani inapofikia kikomo, ingawa ilimtosha kuikataa Titanic.

Mwaka 1959 meli hiyo iliuzwa Japani ikakatwe chuma chakavu, ikapewa jina Furansu Maru kwa ajili ya safari hiyo ya mwisho. Stone aliikodi kwa wakataji. Hakutaka modeli wala pazia la nyuma; alikuwa na meli nzima ambayo hakuna aliyehitaji irudi salama, naye aliitumia hivyo. Karibu na Osaka ililipuliwa ndani kwa baruti, ukumbi ukafurikishwa maji mpaka samani zikaelea, meli ikazamishwa kwa sehemu, na dohani ya mbele ikakatwa iangukie majengo ya sitaha. Angalia tena kipande kile ukijua hayo. Dohani ikiinama haianguki kwa wepesi wa kitu kilichoundwa kwa mbao na karatasi. Inasita, uzito unaizidi, kisha mabati yanakunjana chini yake. Matone ya maji ni madogo, yaani ni ya ukubwa wake. Dorothy Malone, anayeigiza mama aliyebanwa chini ya vyuma huku maji yakipanda, yuko ndani ya meli ya kweli inayoingiza maji kweli.

Wamiliki wa zamani, kampuni ya Ufaransa ya Compagnie Générale Transatlantique, walichukizwa na kwenda mahakamani, na matokeo yake dohani zilipakwa rangi nyingine na jina la Île de France halikutumika. Naona walikuwa na sababu. Miaka mitatu tu kabla ya kuuzwa, Julai 1956, meli hiyo iligeuza njia usiku kwenda kuisaidia Andrea Doria ya Italia iliyogongwa katika ukungu, ikawasha taa zake zote ili walioko majini waione, na ikaokoa watu 753. Kuiona ikizamishwa kwa kipande kipande ili watu wanunue tiketi kulikuwa kugumu kumeza, hata kama mbadala wake ulikuwa msumeno wa mkata chuma. Lakini filamu hiyo imetuachia picha za rangi za kumbi zile kabla hazijatoweka.

Waingereza walifanya jambo linalofanana na hilo walipotengeneza filamu yao ya Titanic, A Night to Remember, mwaka 1958. Mashua za kuokolea zilishushwa kutoka ubavu wa Asturias, meli ya zamani iliyokuwa ikikatwa huko Faslane, Scotland. Na Queen Mary, iliyotia nanga moja kwa moja Long Beach, California, mwishoni mwa mwaka 1967, ilitumika kwa baadhi ya matukio ya The Poseidon Adventure ya mwaka 1972. Meli inayopinduliwa na wimbi katika filamu hiyo ni modeli ya karibu mita 6 na nusu, iliyoundwa kwa kufuata ramani za Queen Mary yenyewe. Anayesema Poseidon ni Queen Mary anasema kweli mara mbili, na bado Queen Mary haijapinduka.

Meli yetu wenyewe

Huku kwetu liko dai linalorudiwa kila mwandishi anapopita Kigoma: kwamba Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ndiyo inayoonekana katika The African Queen ya mwaka 1951. Liemba ni meli ya ziwani, si ya baharini, lakini hakuna mfano unaotenganisha zile meli tatu vizuri kuliko huu.

Meli ya hadithi inaitwa Louisa, manowari ya Wajerumani inayotawala ziwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli iliyotoa wazo ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Katika filamu Louisa inalipuliwa na kuzama. Graf von Götzen haikulipuliwa na mtu. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, wakiwa wamezipaka mashine zake grisi ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli iliyosimama mbele ya kamera ni ya tatu kabisa: tagi la mvuke lililoitwa Buganda, mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililofanya kazi Ziwa Victoria. Filamu ilipigwa Uganda na Kongo, na Humphrey Bogart, yuleyule atakayeikimbilia Liberté miaka mitatu baadaye, hakuhitaji kufika Kigoma.

Liemba nayo ilikuwa ya shirika hilohilo, lakini isingeweza kuitwa kuja kuigiza. Mwaka huo ilikuwa na abiria wa kupeleka Mpulungu.